Nani Kasema Magnesiamu Haifuliki?

Mita moja ya ujazo ya magnesiamu ina kilo 1,740. Ya aluminiamu ina kilo 2,700, na ya feleji karibu kilo 7,850. Kwa tofauti hiyo ungetarajia kila mtengenezaji wa magari na ndege aikimbilie. Badala yake, ukiitaja mbele ya wahandisi utapewa orodha ndefu ya sababu za kuikataa, na nyingi kati yake huhusu jambo moja: namna metali hii inavyobadilika umbo ikiwa ya moto, na namna inavyobadilika umbo ikipigwa kwa kasi. Baadhi ya sababu hizo zina ukweli ndani yake. Nyingine zilichukuliwa kwenye feleji na aluminiamu, zikabandikwa metali ambayo fuwele zake zimejengwa kwa namna tofauti kabisa. Nazijibu hapa kwa sababu zinaendelea kufundishwa, na kwa sababu gharama yake ni uzito tunaoubeba bure kila siku barabarani na angani.

Dai kongwe kuliko yote ni kwamba magnesiamu haipindiki, hukatika. Chukua bamba la AZ31, aloi ya kawaida yenye takriban asilimia 3 ya aluminiamu na asilimia 1 ya zinki, ulikunje likiwa baridi kwenye kona kali: kweli litapasuka upande wa nje. Hapo wengi hufunga kesi. Lakini bamba hilohilo likipashwa moto hadi nyuzi 250 au 300 za Selsiasi hukunjika na kubonyezeka hadi likawa ganda lenye kina, bila ufa.

Sababu imo ndani ya fuwele. Atomi za aluminiamu zimepangwa kwa mpango wa mchemraba, na mpango huo una njia nyingi za tabaka kuteleza. Atomi za magnesiamu zimepangwa kwa tabaka za pembesita, mfano wa vitabu vilivyorundikwa: kitabu huteleza kwa urahisi juu ya kingine, lakini rundo lenyewe halikubali kurefuka wala kufupika kwenda juu. Richard von Mises mwaka 1928, na G. I. Taylor mwaka 1938, walieleza kwa nini hilo ni tatizo. Punje ya fuwele iliyobanwa na jirani zake inahitaji njia tano za kuteleza zisizotegemeana ili ibadili umbo bila kuacha mwanya mahali popote. Tabaka za msingi za magnesiamu hutoa njia mbili tu. Njia nyingine zipo, kwenye kuta za pembesita na kwenye nyuso za mshazari, ila ni ghali. Katika fuwele moja ya magnesiamu safi, mtelezo wa msingi huanza kwa mkazo usiofika hata megapaskali 1, ilhali mtelezo wa ukutani, katika joto la chumbani, hudai makumi ya megapaskali. Punje ambazo tabaka zake zimekaa vibaya hushindwa kufuata wenzake, na ufa huanzia hapo.

Joto likivuka nyuzi 225 hivi, njia zile za ghali hushuka bei haraka kuliko ile ya msingi. Pengo hupungua, punje hupata njia za kutosha, na metali iliyokuwa ikikatika inakubali kufuliwa. Kwa hiyo anayesema magnesiamu haipindiki anaeleza tabia yake chini ya nyuzi 200, kisha anaigeuza kuwa tabia yake yote.

Wapo wanaoyakubali haya, kisha wanaruka kwenye kosa la pili: kama moto unasaidia, ongeza moto. Hili ni dai la hatari zaidi kwa sababu linatoka kwa watu wanaoipenda metali hii. Magnesiamu safi huyeyuka kwenye nyuzi 650, na mtu huona ana nafasi kubwa ya kuchezea. Aloi hazina nafasi hiyo. Katika AZ80 na AZ91, zenye takriban asilimia 8 na 9 za aluminiamu, kwenye mipaka ya punje hukaa kiwanja cha Mg17Al12, na mchanganyiko wake na magnesiamu huyeyuka kwenye nyuzi 437. Pasha kipande ambacho hakijatulizwa vizuri kwenye tanuri hadi nyuzi 440, kipige, na utakuwa umekipiga kikiwa na filamu ya majimaji kati ya punje zake. Kitasambaratika, na ufa utapita mipakani kana kwamba mtu aliuchora. Hata pale kisipoyeyuka, moto mkali hukuza punje, na punje kubwa hupunguza uimara kipande kikirudi kwenye baridi. AZ31 hubanwa kwenye rola kati ya nyuzi 300 na 400 kwa sababu hiyo. Huko ndiko njia za mtelezo zimefunguka na punje bado zinaweza kudhibitiwa.

Ndani ya dirisha hilo kuna jambo ambalo neno "kulainika" halilielezi. Magnesiamu inayobanwa ikiwa ya moto huzaa punje mpya wakati huohuo inapobanwa. Mipaka ya punje za zamani hujikunja, vipande vidogo vilivyo kando yake huzunguka kidogo kidogo hadi vikawa punje kamili zenye mwelekeo wao. Ion, Humphreys na White walieleza mzunguko huo kwa magnesiamu mwaka 1982, na kazi yao bado inarejewa. Ukipima nguvu inayohitajika utaiona inapanda, inafika kilele, kisha inashuka, kwa sababu punje changa ni laini kuliko zile zilizokwisha kubanwa. Punje za maikromita 50 zinaweza kutoka upande wa pili zikiwa za maikromita chache tu. Moto mdogo na kasi kubwa hutoa punje ndogo zaidi. Moto mkubwa na kasi ndogo hutoa punje kubwa. Kwa maana hiyo, fundi anayeongeza moto ili kazi iwe rahisi anaweza kuwa anatupa faida kuu ya kazi yenyewe.

Sasa lile dai lililovaa mavazi ya kisayansi, na ambalo nadhani ndilo limepotosha watu wengi zaidi: kwamba joto na kasi ni upande huu na ule wa sarafu moja. Clarence Zener na John Hollomon, mwaka 1944, wakichunguza feleji, walionyesha kwamba kuongeza kasi ya kubadili umbo kunalingana na kupunguza joto, na vyote viwili vinaweza kuunganishwa katika nambari moja, ambayo leo huandikwa Z. Ni wazo zuri na limefanya kazi kubwa. Magnesiamu iliyo kati ya nyuzi 300 na 450, ikibanwa polepole au kwa kasi ya wastani, mara nyingi hufuata kanuni hiyo vizuri, na nishati inayohitajika hukaribia kilojuli 135 kwa moli, ambayo ni nishati ya atomi za magnesiamu kuhama ndani ya metali yenyewe. Kisha mtu huchukua mlinganyo huo, akauvuta hadi kwenye kasi ya ajali ya gari au ya nyundo ya mashine, na kuandika matokeo kama kweli.

Tazama ukubwa wa mruko huo. Jaribio la kawaida la maabara hubadili umbo kwa kasi ya sehemu moja ya elfu ya kipimo kwa sekunde, kipimo kimoja kikiwa badiliko linalolingana na urefu wa mwanzo. Kufupisha silinda kwa asilimia 10 huchukua sekunde 100. Kwenye mgongano kasi hufika kipimo 1,000 kwa sekunde, na asilimia 10 ileile humalizika katika sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde. Kupima kitu cha namna hiyo kunahitaji chombo kilichoanzia kwa Bertram Hopkinson mwaka 1914 na kukamilishwa na Herbert Kolsky mwaka 1949. Nondo mbili ndefu za feleji hulala kwenye mstari mmoja, na silinda ya aloi, ndogo kama ncha ya kidole, hukaa katikati. Nondo ya tatu, iliyorushwa kwa gesi, hugonga ya kwanza. Wimbi la mkazo hukimbia ndani yake, sehemu hurudi, sehemu hupita kwenye silinda na kuingia nondo ya pili, na vihisi vilivyogundishwa kwenye nondo husoma yote. Ikiwa silinda inatakiwa iwe na nyuzi 400, shida ni kwamba nondo baridi zikiigusa zitainyonya joto, na nondo zikipashwa moto usomaji utaharibika. Basi silinda hupashwa peke yake ndani ya tanuri dogo, nondo zikiwa zimetengwa, na husukumwa kuigusa muda mfupi mno kabla ya pigo. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba sarafu ya Zener na Hollomon haitoshi.

Magnesiamu ina njia nyingine ya kubadili umbo ambayo sikuitaja hapo juu, nayo ni upacha. Sehemu ya punje hugeuka mara moja kwa digrii 86 hivi, na tabaka zilizokuwa zimesimama zikalala. Mtelezo wa ukutani na wa mshazari hutegemea atomi kutikiswa na joto hadi zivuke kizuizi. Ukiukimbiza, unadai mkazo mkubwa zaidi. Upacha hautegemei hilo kwa kiasi kikubwa. Mkazo unaouwasha karibu ni uleule, upige polepole au upige kwa kasi. Ukibana AZ31 polepole kwenye nyuzi 300 au zaidi, upacha karibu unatoweka kwa sababu mtelezo umekuwa rahisi kuliko wenyewe. Ukiibana kwa kasi ya mgongano, mtelezo unapanda bei na upacha unabaki pale ulipokuwa, kwa hiyo unarudi kazini. Ulacia na wenzake walichapisha mwaka 2010 majaribio ya AZ31 kwa kasi ya kipimo 1,000 kwa sekunde, na upacha ulikuwa bado unafanya kazi hata kwenye nyuzi 400. Hakuna nambari moja inayoweza kulieleza hilo, kwa sababu nambari moja hudhani kuna mlango mmoja. Hapa kuna milango kadhaa, kila mmoja una bawaba zake, na kasi inaufunga mmoja bila kuugusa mwingine.

Kuna pia suala la joto linalozaliwa na pigo lenyewe. Taylor na Quinney walipima mwaka 1934 kwamba sehemu kubwa ya kazi ya kubadili umbo la metali hugeuka joto. Wahandisi wengi huichukua kuwa asilimia 90. Fanya hesabu kwa aloi inayobanwa kwa mkazo wa megapaskali 200 hadi umbo lake libadilike kwa kipimo cha 0.3. Utapata ongezeko la nyuzi 30 hivi. Katika jaribio la polepole joto hilo hutoroka. Katika sehemu ya elfu kumi ya sekunde haliwezi kusafiri hata sehemu ya kumi ya milimita. Hubaki palepale lilipozaliwa, huilainisha sehemu hiyo, sehemu hiyo hubanwa zaidi ya jirani zake, na joto huongezeka tena hapohapo. Mwisho wake huweza kuwa mkanda mwembamba unaokatiza kipande kwa mshazari. Anayeandika kwenye ripoti kwamba jaribio lilifanyika "kwenye nyuzi 300" anataja joto la kabla ya pigo.

Kutokana na hayo wengine wamehitimisha kwamba kasi ndiyo adui: magnesiamu ibembelezwe, isiharakishwe. Katika Chuo Kikuu cha Osaka, Sakai, Utsunomiya na wenzao walifanya kinyume. Walipitisha karatasi za AZ31 kwenye rola kwa mwendo wa mita 2,000 kwa dakika, na karatasi zilizopashwa moto ziliweza kupunguzwa zaidi ya nusu ya unene wake kwa pasi moja. Kwa mwendo wa kawaida kazi hiyo hugawanywa pasi nyingi ndogo na karatasi kurudishwa tanurini kila mara. Kinachowatisha wenye viwanda ni kingo kupasuka, na kingo hupasuka kwa sababu rola baridi huinyonya karatasi joto wakati wa kuigusa. Kadiri mguso unavyokuwa mfupi, ndivyo joto linavyobaki ndani. Juu yake huongezeka lile la kubanwa kwenyewe, na punje mpya huzaliwa ndani ya mguso huohuo. Katika kazi hiyo kasi ilikuwa msaada mkubwa.

Ila usiyabebe matokeo hayo hadi kwenye kazi ya kusukuma aloi kupitia tundu la kalibu. Huko aluminiamu ya aina ya 6063 hutoka kwa makumi ya mita kwa dakika, na aloi za magnesiamu zenye aluminiamu nyingi hulazimika kwenda mita chache tu, au pungufu. Joto la msuguano na la kubanwa hujikusanya kwenye mdomo wa kalibu, hufika kiwango cha kuyeyusha ile Mg17Al12, na pau hutoka ikiwa na mapasuko kama magamba. Joto lilelile linalookoa karatasi kwenye rola ndilo linaloharibu pau kwenye kalibu. Swali la kama kasi ni nzuri au mbaya kwa magnesiamu halina jibu hadi utaje aloi, joto la kuanzia na mahali joto jipya litakapokwenda.

Nipite haraka kwenye madai mawili. La kwanza: kwamba magnesiamu haifai kabisa penye joto, kwa kuwa hulegea baada ya nyuzi 120. Hilo ni kweli kwa AZ91 iliyobebeshwa mzigo kwa muda mrefu. Volkswagen ilitumia takriban kilo 20 za magnesiamu kwenye injini na giaboksi ya gari lake maarufu la Beetle, na kulegea kwa bolti zilizokaza magamba ya injini lilikuwa tatizo la kweli, lililowasukuma kutafuta aloi zenye silikoni. Lakini WE43, yenye asilimia 4 hivi ya itriamu pamoja na madini adimu mengine, hustahimili kazi ya nyuzi 250, na imetumika kwenye giaboksi kuu ya helikopta ya Sikorsky S-92. Pia kulegea kwa saa elfu nyingi na kubanwa kwa sehemu ya sekunde ni mambo mawili yasiyofanana, hata kama kipimajoto kinasoma nyuzi zilezile. La polepole huendeshwa na mipaka ya punje kuteleza na atomi kuhama. La haraka haliyapi hayo nafasi hata kidogo.

Dai la pili ni moto: kwamba kuifua magnesiamu ni kuchezea fataki. Vumbi lake na vipande vyembamba vinavyochongwa na mashine huwaka, na kuvimwagia maji huzalisha haidrojeni. Karakana isiyoheshimu hilo haipaswi kuigusa. Kipande kizima ni habari nyingine. Hupitisha joto vizuri, hivyo mwali mmoja hauwezi kuwasha kona moja, na joto la kufulia liko mbali chini ya lile la kuwaka. Kwa miaka mingi kiwango cha viti vya ndege kilikataza magnesiamu. Toleo la mwaka 2015 la kiwango hicho, AS8049, liliiruhusu kwa aloi itakayofaulu jaribio la moto, na WE43 ni miongoni mwa zilizofaulu.

Limebaki dai ambalo halisemwi kwa maneno, bali huonekana kwenye michoro: kwamba nambari moja ya jedwali inatosha kueleza uimara wa aloi. Kwa pau ya AZ31 iliyosukumwa kupitia kalibu, nambari hiyo mara nyingi ni mkazo ambao pau huanza kukubali inapovutwa, tuseme megapaskali 200. Ibane pau hiyohiyo kwa urefu wake na itaanza kukubali kwenye karibu nusu ya hapo. Kalibu imezilaza tabaka za msingi sambamba na urefu wa pau. Ukivuta, mkazo haupati njia rahisi, ukibana, upacha hufunguka mara moja. Baada ya asilimia 6 hivi ya kufupika, upacha umekwisha kula karibu punje zote, tabaka zimegeuka, na aloi hukaza ghafla. Mchoro wa nguvu huchukua umbo la herufi S, ambalo mlinganyo wa feleji hauwezi kulitoa hata ukiulazimisha. Sasa ongeza kasi. Kwa kuwa upacha haujali kasi, mkazo wa kuanza kukubali katika kubanwa utabaki karibu palepale, ilhali ule wa kuvutwa unapanda. Mhandisi aliyefundishwa kwamba metali zote huwa ngumu zaidi zikipigwa haraka ataiongezea boriti yake nguvu ambayo, upande unaobanwa, haipo.

Hapa nina ugomvi wa dhati na namna kazi inavyofanywa. Boriti ikivunjika mapema katika jaribio la mgongano, lawama huenda kwa metali, na mradi hurudi kwenye feleji. Ilhali fito za ndani za usukani na za viti zimekuwa zikitengenezwa kwa aloi za magnesiamu za AM50 na AM60 kwa miaka mingi, katika magari ya kawaida kabisa, kwa sababu waliozisanifu walipima kile walichokuwa wakihitaji kujua. Aloi zenye madini adimu au kalisi kidogo hupunguza tofauti kati ya kuvutwa na kubanwa, kwani punje zake hazijilazi zote upande mmoja. Hata hivyo kwanza lazima tofauti yenyewe ipimwe.

Na kuipima hakuhitaji kituo kikubwa. Kata silinda mbili kutoka bamba moja nene la AZ31: moja mhimili wake ukipita kwenye unene wa bamba, nyingine ukilala sambamba na bamba. Zibane zote kwa asilimia 15 kwenye nyuzi 150, kisha ziweke mezani ukiwa na kipima unene. Ya kwanza itakuwa imedai nguvu kubwa tangu mwanzo. Ya pili itakuwa imekubali mapema, na uso wake uliokuwa duara utakuwa umekuwa yai, ukiwa umepanuka zaidi kuelekea unene wa bamba, upande ambao upacha ulizirefushia punje zake. Rudia kwenye nyuzi 300 na tofauti itapungua. Kisha, kama kifaa kipo, rudia kwenye nyuzi 300 kwa kasi ya mgongano, na upime tena yai hilo limerudi kwa kiasi gani.